Apu ni ya Bure, Sasa Doo Inatoka Wapi? Jinsi Matangazo Hulipa na Jinsi ya Kutochomeka

Chukua simu yako uhesabu apu ulizolipia pesa. Wengi wetu jibu ni sufuri. Tochi ni ya bure, gemu ni ya bure, ile ya kuhariri picha pia. Lakini mwenye kuitengeneza anakula, analipa rent na wengine wameomoka kabisa. Hii stori ni ya kukuonyesha hiyo doo inatoka wapi, inafika aje kwa akaunti ya benki huku Kenya, na ni wapi wasee wengi huanguka.

Na sikuandikii kama mtaalamu wa kiti cha juu. Nilianguka mwenyewe. Nitakuambia hiyo huko mbele.

Tuanze na Flappy Bird

Kama ulikuwa na simu mwaka wa 2014 unaikumbuka. Ndege mdogo, mabomba ya kijani, unabonyeza skrini, unakufa, unarudia. Iliundwa na jamaa mmoja wa Vietnam anaitwa Dong Nguyen, solo, ndani ya siku chache tu. Aliitoa Mei 2013 na karibu hakuna aliyeiona. Kisha mwanzo wa 2014 ikapanda hadi namba moja dunia nzima. Kuipakua ilikuwa bure. Ilichokuwa nacho ni kabango kadogo ka matangazo tu.

Dong Nguyen aliwaambia waandishi wa habari kwamba hako kabango kalikuwa kanamletea karibu dola 50,000 kwa siku. Kwa siku, buda. Halafu Februari 2014 akaiondoa sokoni mwenyewe, akisema imevuruga maisha yake.

Watu wengi husikia nusu ya kwanza ya hiyo stori, wanafungua laptop usiku huo huo. Shika nusu ya pili pia: gemu ilikaa miezi zaidi ya 6 bila mtu kuijali, na ilipolipuka haikuwa kwa sababu ya hesabu fulani ya siri. Kwa kila Flappy Bird moja kuna maelfu ya apu ambazo hazijawahi kulipa hata ya chapo na ndengu.

Pesa inatoka wapi hasa?

Kuna watu watatu kwenye hii deal, mbali na wewe mtumiaji.

Wa kwanza ni mwenye tangazo. Labda ni kampuni ya kubeti, benki, ama gemu ingine inayotafuta wachezaji. Huyu ndiye mwenye pesa.

Wa pili ni mtandao wa matangazo, yaani broka wa katikati. Maarufu zaidi ni AdMob. Ilianzishwa mwaka wa 2006, Google wakatangaza kuinunua Novemba 2009 kwa dola milioni 750. Wengine ni Unity Ads, AppLovin na Meta Audience Network.

Wa tatu ni mwenye apu. Huyu ana skrini na macho ya watu.

Ukifungua apu, inatuma ombi kwa mtandao: "Niko na nafasi hapa, simu ni aina hii, mtu yuko Kenya." Kunafanyika mnada wa haraka sana, chini ya sekunde moja. Mwenye tangazo aliyetaja bei nzuri anashinda, tangazo lake linatokea. Broka anakata chake, kinachobaki ni cha mwenye apu.

Mwenye tangazo anaweza kulipa kwa njia tatu: tangazo likionekana, likibonyezwa, ama mtu akienda kuweka hiyo apu nyingine kwa simu yake. Lakini wewe kwa ripoti yako utaona namba moja ya kulinganisha zote, inaitwa eCPM. Maana yake ni rahisi: umepata dola ngapi kwa kila matangazo 1,000 yaliyoonekana. Ukielewa hiyo namba umeelewa nusu ya biashara.

Aina za matangazo

*Bango.* Kale ka juu ama chini ya skrini. Hakasumbui sana, kwa hivyo kanalipa kidogo.

*Skrini nzima.* Lile linaloruka katikati unapomaliza level ama kufungua ukurasa mwingine. Linalipa kuliko bango, lakini ukiliweka vibaya watu wanafuta apu wakikutusi.

*La zawadi.* Mtumiaji anachagua mwenyewe kutazama video ya sekunde kadhaa ndio apate maisha mengine kwa gemu ama afungue kitu. Mara nyingi hili ndilo lenye bei nzuri, kwa sababu mtu amekubali kulitazama.

*La ndani.* Linatengenezwa lifanane na yaliyomo kwa apu, kama tangazo katikati ya orodha ya habari. Lazima lionyeshe wazi kwamba ni tangazo.

*La kufungulia.* Linatokea apu ikiwa inafunguka. Tumia kwa adabu.

Hesabu bila kudanganyana

Hapa ndipo wauzaji wa "darasa la kuomoka" hukuruka. Tupige hesabu ya mfano. Namba za eCPM hapa ni za mfano tu. Zako zitategemea apu, nchi na msimu.

Sema uko na watumiaji 100 kwa siku. Kila mmoja anaona bango mara 4. Hiyo ni mara 400. Kwa eCPM ya dola 0.30, umepata dola 0.12 kwa siku. Mwezi ni dola 3.60. AdMob hawakulipi mpaka ufikishe dola 100. Utangoja zaidi ya miaka miwili. Enzi za form one, msee angekuwa ameanza hapo na kufika form three.

Sasa sema uko na watumiaji 1,000 kwa siku, mambo mengine yakibaki vile vile. Ni dola 1.20 kwa siku, dola 36 kwa mwezi. Ukichukua dola moja kuwa shilingi 130, hiyo ni kama KSh 4,680. Si rent ya Roysambu, lakini ni pesa ya kweli, na unalipwa kila baada ya miezi mitatu hivi.

Ongeza tangazo la zawadi. Kati ya hao 1,000, watu 300 wanatazama video 2 kila mmoja. Ni mara 600. Kwa eCPM ya mfano ya dola 2, ni dola 1.20 ingine. Umeona? Video 600 zimeleta sawa na mabango 4,000. Ndio maana wenye gemu wanapenda hizo video.

Sasa rudia kusoma: watumiaji 1,000 *kwa siku*. Si walioipakua. Wanaofungua apu kila siku. Unaweza kuwa na watu 10,000 waliopakua na 200 tu wanaoifungua. Wakenya wengi tuko na simu zenye nafasi ndogo, picha za WhatsApp zikijaa, apu yako ndiyo ya kwanza kufutwa. Swali la kujiuliza kabla ya kuandika mstari mmoja wa programu ni hili: huyu mtu ana sababu gani ya kuifungua kesho?

Kwa nini mtumiaji wa Kenya huleta kidogo?

Mnada ndio unaamua. Mwenye tangazo Marekani anaweza kumwaga pesa nyingi kufikia mtu mmoja kwa sababu huyo mtu akinunua, atanunua kitu cha bei. Huku washindani kwa mnada ni wachache na bei wanazotaja ni za chini. Kwa hivyo mtumiaji mmoja wa Texas anaweza kukuletea mara kadhaa ya yule wa Kasarani.

Haimaanishi uwasahau wa nyumbani. Inamaanisha uchanuke. Wakenya wako Marekani, Uingereza, Qatar, Saudia. Apu inayomsaidia huyo msee wa majuu kupika mapishi ya nyumbani, ama kumfundisha mtoto wake Kiswahili, inatengenezwa Nairobi lakini inaonekana kwa soko la bei nzuri. Na gemu haina lugha. Flappy Bird ilitoka Hanoi.

Unahitaji nini kuanza?

1. *Laptop na ujuzi.* Android Studio ni ya bure, Kotlin na Flutter pia ni za bure. Kinachokula ni muda na data. Anza na kitu kidogo: kikokotoo cha hesabu za chama, daftari la mafuta ya boda, chemsha bongo. Iwe nyepesi na ifanye kazi hata bila intaneti.

2. *Akaunti ya Google Play.* Ada ni dola 25, unalipa mara moja tu. App Store ya Apple ni dola 99 kila mwaka, kwa hivyo wengi huku tunaanzia Android. Tumia majina yako kamili ya kitambulisho, maana utathibitishwa.

3. *Watu 12 wa kujaribu.* Hii huwashtua wengi. Akaunti za kibinafsi zilizofunguliwa baada ya katikati ya Novemba 2023 lazima kwanza ziweke apu kwa majaribio ya kufungwa: watu wasiopungua 12, kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitaka watu 20, wakapunguza mwisho wa 2024. Ongea na mbogi yako mapema, na uwaambie wasitoke kabla ya siku kuisha.

4. *Sera ya faragha.* Matangazo hutumia data ya simu ya mtu, na Google Play inataka useme wazi unakusanya nini. Huku Kenya pia tuko na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Usiombe ruhusa ya kusoma namba za watu kama apu yako ni ya tochi.

5. *Faili la app-ads.txt.* Ni kafaili kadogo unakaweka kwa tovuti yako kuthibitisha kwamba nafasi za matangazo ni zako kweli. Wengi hukaruka halafu wanashangaa kwa nini matangazo hayatokei.

Doo inafika aje Kenya?

Hapa nitaenda mos mos, kwa sababu watu wengi hukwama wakiwa tayari wamepata.

Ukifikisha dola 10, Google wanakutumia PIN kwa barua. Barua ya kweli, ya bahasha, kupitia Posta. Sasa wewe unaishi keja ya Pipeline, sanduku la posta utatoa wapi? Tumia la mzazi, la kanisa ama la kazini, bora uwe na uhakika kwamba mtu ataiona na kukupigia. Posta pia wana huduma ya kufanya namba ya simu iwe anwani. Barua inaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukikaa miezi 4 bila kuingiza PIN, matangazo yako yanazimwa.

Kisha weka akaunti ya benki. Pesa inakuja kwa uhamisho wa kimataifa, kwa hivyo unahitaji msimbo wa SWIFT wa benki yako na jina linalofanana kabisa na la akaunti ya malipo. Kama kule ni "Kevo Wa Mtaa" na kitambulisho ni kingine, utalia. Uliza benki mapema wanakata ngapi kupokea dola, maana makato ya mara moja moja yanaweza kuuma kwa dola 100. Unaweza kuongeza kiwango cha malipo ili ulipwe pesa nyingi kwa mkupuo mmoja.

Ukifikisha dola 100 na mambo yote yako sawa, mapato ya mwezi uliopita hutumwa kati ya tarehe 21 na 26 ya mwezi unaofuata.

Na kodi? Google watakuomba ujaze fomu ya kodi ya Marekani, jaza ukweli. Halafu hapa nyumbani, hayo ni mapato. Yaingize kwa marejesho yako ya KRA kabla ya 30 Juni. Pesa iliyopita benki ina alama za miguu.

Vile nilichomeka

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, fee ya semista imekwama na mathee amesema wazi hakuna pa kukopa tena. Nikaingia kwa kikundi fulani cha mtandaoni, nikauziwa apu iliyokamilika kwa thao tatu unusu. "Badilisha jina na rangi tu, hela inaingia." Nikabadilisha jina na rangi.

Apu ilikuwa ya maneno matamu ya mapenzi. Zilikuwa nyingine mia hivi zinazofanana nayo. Watu walioipakua wiki ya kwanza walikuwa 11, na wote walikuwa wasee wangu wa hosteli. Kwa siku nilikuwa napata senti.

Ndipo nikapata "akili". Nikawaambia wale 11: kila mtu afungue apu asubuhi na jioni, abonyeze tangazo. Mimi mwenyewe nikawa nabonyeza nikiwa kwa mat. Namba zikapanda hadi raha. Dola 20. Dola 41. Dola 63. Nikampigia mathee nikamwambia fee itapatikana.

Asubuhi moja nikaamkia barua pepe. Akaunti imefungwa kwa shughuli zisizo halali. Nikakata rufaa, wakakataa. Mtandao wenyewe sitautaja, na kusema kweli hawakunikosea. Pesa ilikuwa ya mtu aliyelipia wateja, akapewa wanafunzi 11 wenye njaa. Mwenye kukosea nilikuwa mimi. Lakini kumpigia mathee simu ya pili ilikuwa kazi ngumu kuliko kuandika programu yoyote. Semista ikaenda. Sijarudi.

Nakuambia hivi ili usifikirie wao ni wajinga. Mifumo yao inaona simu ni ile ile, Wi-Fi ni ile ile, watu wale wale wanabonyeza kila siku na hakuna hata mmoja anayenunua kitu. Ukifungiwa, pesa haitoki, na kufungua akaunti nyingine si rahisi.

Mambo matano yanayofunga akaunti

*Kubonyeza matangazo yako.* Hata mara moja kwa kujaribu. Ukiwa unatengeneza, tumia matangazo ya majaribio. AdMob wanatoa namba maalum za hiyo kazi bure.

*Kuomba watu wabonyeze.* "Support hustle yangu, bonyeza tangazo" ni kujipiga risasi mguuni mwenyewe. Omba watu waitumie apu. Hilo tu.

*Mitego.* Kuweka bango karibu na kitufe ili kidole kiteleze, ama tangazo kuruka wakati mtu hayuko kwa apu yako. Februari 2020 Google waliondoa karibu apu 600 kwa matangazo ya kusumbua, na baadhi yazo zilikuwa za makampuni makubwa.

*Mali ya wenyewe.* Nyimbo za msanii, nembo ya Arsenal, mitihani ya KNEC, filamu. Si zako. Vivyo hivyo kujifanya apu rasmi ya serikali.

*Watoto.* Apu ya watoto ina sheria kali zaidi za matangazo na data. Kama hujazisoma zote, anza na kitu kingine.

Maswali ambayo huwa naulizwa

*Ni lazima nijue kuandika programu?* Kuna vifaa vya kuburuta na kuachia, lakini ukikwama ndani yake umekwama kweli. Jifunze misingi. Hata apu isipolipa, huo ujuzi unaweza kukupatia kazi. Hiyo ndiyo faida ambayo hakuna mtu anaweza kuifunga kwa barua pepe.

*Ninunue apu iliyo tayari?* Nimekujibu hapo juu kwa thao tatu unusu zangu.

*Nitumie mitandao mingi ya matangazo mara moja?* Ndiyo, baadaye. Unaweza kuiunganisha ishindane kwa kila nafasi, bei inapanda. Lakini ukiwa na watu 50 kwa siku, tatizo lako si mnada, ni watu.

*Nilipie matangazo ili watu wapakue?* Piga hesabu kwanza. Kama kumpata mtumiaji mmoja kunakula shilingi 20 na yeye atakuletea shilingi 3 kabla ya kufuta apu, umekuwa mfadhili.

*Niache kazi?* Apana. Usiache kazi, usiache shule, usile fee. Ifanye jioni na wikendi mpaka ikulipe miezi 6 mfululizo. Ndipo ufikirie.

Kwa ufupi

Apu ya bure hulipwa na macho ya watu wanaorudi. Tafuta shida ndogo ambayo wewe mwenyewe unaiona kila siku, itatue vizuri kwa apu nyepesi, weka matangazo kwa heshima, tumia majina yako halisi, ngoja ile PIN ya Posta. Na mkono wako ukiwashwa kubonyeza lile bango lako mwenyewe, weka simu chini utoke nje ukapige stori na watu base.

Mimi niko na apu nyingine sasa, ya kupanga zamu za chama. Watu 140 hivi kwa siku. Bado haijafikisha dola 100. Lakini hao 140 siwajui hata mmoja, na kila asubuhi wanaifungua bila kuombwa.